Joto la Kisarawe

1

Feni ilianza kupiga kelele kabla Nyamizi hajamaliza kuvaa vipokea sauti masikioni.

"Usinifanyie hivyo," aliiambia kompyuta. "Leo tu, nakuomba."

Wapi! Ile kompyuta mpakato aliyoiweka juu ya kigoda karibu na mzinga ilivuma, ikatetemeka, ikaanza kutema hewa ya moto kupitia ubavuni, na hewa yote ikaelekea kwenye tundu la kutokea nyuki. Kwanza nyuki walinyamaza. Nyamizi alikuwa anaujua ukimya ule, akavua vipokea sauti na kurudi nyuma. Kisha wakamiminika nje wote kwa pamoja, malkia wao katikati, wakazunguka juu ya mti wa mninga mara kadhaa, wakaondoka zao. Mzinga ukabaki unaning'inia na asali yake, hauna mwenyewe.

Ulikuwa mmoja wa mizinga ya marehemu mama yake. Nyamizi aliketi chini, vazi lake la kujikinga likiwa bado limemfunika uso, akalia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Miaka hiyo msitu wa Tabora ulikuwa umeingiwa na ugonjwa walioupa jina la mdidimio. Mzinga wenye mdidimio ukiutazama huoni kitu: masega mazuri, nyuki wanaingia na kutoka, kila mtu yuko kazini. Ila mvumo wao unapungua chini kabisa, mahali ambapo sikio la mtu halifiki, na baada ya siku chache unakuta wamekufa chungu nzima. Ni kompyuta tu iliyoweza kuusikia ugonjwa huo mapema, tena iwe pale pale mzingani, ikiuchambua mlio wa kila nyuki peke yake. Kazi ya namna hiyo inataka kompyuta yenye nguvu kwelikweli. Yenye nguvu hupata moto, yenye moto hutaka feni, na nyuki hawavumilii joto la mgeni wala kelele za mgeni. Ushirika mzima wa wafuga nyuki ulikuwa umekwama hapo.

"Mwanangu," alisema Mzee Sizya, mwenyekiti wa ushirika, Nyamizi aliporudi na habari hiyo, "baada ya wiki mbili miyombo inachanua. Tukifika huko hatuna mashine inayofaa, mwaka huu tutarina upepo."

"Nipeni ruhusa nichague nyingine, baba."

"Ruhusa unayo. Wewe ndiye sikio letu. Ila uchague vizuri, maana ukikosea wewe tumekosea sote."

2

Ushirika ulikuwa na kipimo chake, na hakuna wakala wa kuuza kompyuta aliyeweza kukikwepa. Unaweka donge la nta juu ya mfuniko wa kompyuta, unaitwisha kazi nzito, kisha unalibonyeza donge kwa kidole gumba. Likibonyea, kompyuta inarudi ilikotoka, hata iwe na sifa za kujaza gazeti.

Ya kwanza ilikuwa na akili, lakini nta ililegea kabla wakala wake hajamaliza kujitambulisha. Ya pili ilikuwa baridi na kimya, na ujinga wake ulikuwa wa kupindukia; ilichambua mzinga mmoja tangu asubuhi, na jua linazama bado inafikiria. Wazee wakasema hata mbuzi angekuwa amekwisha kuuelewa mzinga ule.

Ya tatu ililetwa na Bwana Lionel. Huyu alikuwa kijana mtanashati aliyezaliwa na kukulia ughaibuni, Kiswahili chake kimenyooka, cha kujifunza darasani. Kompyuta yake iliitwa Utulivu. Nyamizi aliipa milio iliyorekodiwa ya mizinga yote ya kambi kwa mpigo mmoja, akaweka donge la nta, akangoja. Kimya. Hapakuwa na feni hata ya dawa. Alibonyeza donge, likamkatalia kidole.

"Lahaula," alisema Mzee Sizya. "Imewashwa kweli hii?"

Ilikuwa imewashwa, tena majibu yalikuwa tayari kwenye kioo, mzinga kwa mzinga.

"Ndani yake kuna sahani ya metali," alieleza Bwana Lionel, uso umemng'aa. "Ni nyembamba kuliko chapati. Ilimiminwa pamoja na pacha wake katika chungu kimoja, kisha zikatenganishwa. Joto lote linaloingia kwenye sahani hii linatokea kwenye pacha wake papo hapo, hata akiwa mbali kiasi gani. Hakuna waya wala bomba."

"Na pacha wake yuko wapi?" Nyamizi aliuliza.

"Mahali salama."

"Salama kwa nani?"

Bwana Lionel akacheka kidogo. "Dada, wewe sikiliza nyuki. Joto tuachie sisi."

Nyamizi alikuwa amesoma, alijua joto haliendi likizo. Likitoka hapa lazima limfikie mtu au kitu. Lakini siku iliyofuata alikwenda nayo msituni kwa majaribio, akaiweka karibu kabisa na mzinga, na nyuki wakaja kutua juu ya mfuniko wake, wakatembeatembea, wakarudi kazini kana kwamba ni jiwe la pale pale. Aliusikia mzinga kuanzia juu mpaka chini. Akausikia mdidimio umejificha kwenye mizinga miwili, akawatibu nyuki wake wote wakiwa bado wazima. Furaha iliyomshika hapo, jamani! Alifanya kazi mpaka mchana usingizi ukamshika. Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu hakula kabisa. Swali lake la pacha alilikalia, na kila lilipotaka kuinuka alilikalia tena, kwa sababu aliogopa jibu.

3

Siku ya kukubaliana, wanachama walijaa kwenye uwanja wa ofisi ya ushirika. Pilau lilikuwa linaiva, madumu ya asali yamepangwa barazani, na nyuma ya ofisi moshi wa kuni ulikuwa unapanda kutoka chumba cha kuyeyushia nta, kama ilivyo siku zote. Kilichobaki ni Nyamizi kuweka kidole gumba kwenye kioo cha mkataba cha Bwana Lionel, ushirika upate kompyuta za Utulivu kwa kila kambi.

Ndipo mama mmoja mnene akaingia getini, khanga kiunoni, ndoo ya bati kichwani. Aliitua ndoo ile kwa mguno, akajipepea.

"Mnyamwezi anayechezea kompyuta ni nani hapa?"

"Mama, hapa Wanyamwezi ni wote," Mzee Sizya alimjibu. "Wewe ndiye umepotea. Lafudhi hiyo ni ya Uzaramoni, na huku ngoma hazipigwi mchana, watu wana kazi."

"Kazi! Mnaijua kazi nyie, au mnajua kubeba?" Yule mama akaangua kicheko. "Mie Siwema binti Chaurembo, wa Kisarawe. Nimepanda treni na ndoo yangu, behewa zima wamenihama, nakuja kumtafuta mtani wangu mmoja tu anayenichoma."

Uwanja ukachangamka. Mtani kaingia! Mzaramo na Mnyamwezi wametaniana tangu enzi za mababu, misafara ilipokuwa ikipita Uzaramoni na mizigo kichwani, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, mbele ya yeyote, hata kukunyang'anya kitu chako mkononi usikasirike.

"Nadhani ni mimi," alisema Nyamizi.

Bi Siwema akamtazama toka juu mpaka chini. "Wewe? Kamwili hako ndiko kanakonikaanga mie?"

Watu wakacheka. Nyamizi alitaka kucheka nao, lakini alikuwa amekwisha kuona kilichomo ndooni. Ulikuwa mchanga, na katikati ya mchanga umechomoza ukingo wa metali nyembamba kuliko chapati.

"Mie nakujua, mwanangu, kuliko mama aliyekuzaa," aliendelea Bi Siwema. "Ukianza kazi asubuhi najua. Ukienda kula najua. Jumatatu mchana ulilala usingizi mzuri, au uongo?"

"Kweli," Nyamizi alijibu kwa sauti ndogo.

"Jumatano hukula kabisa. Ulifanya kazi tangu asubuhi mpaka magharibi. Nami Jumatano nilimtoa mjukuu wangu nje, kichanga hicho, nikamlaza uani chini ya khanga iliyoloa maji, maana mwili mzima umemtoka vipele vya joto na ndani hapakaliki. Walikuja hao wa kampuni, wakasema mama tunakupa jiko la bure, halili mkaa wala umeme. Wakaliweka ukutani. Jiko gani hilo, mtani? Nikitaka kupika, baridi. Jua likifika utosini, linawaka! Nikamuuliza fundi wao, hivi nani analiwasha? Akaniambia, lako bibi linawashwa na Mnyamwezi wa nyuki, Tabora. Nikasema alaa, kumbe ni mtani! Nikachukua mtaimbo, nikalibandua."

"Mama huyu amechanganyikiwa," alisema Bwana Lionel haraka.

"Nimechanganyikiwa? Haya, binti, washa."

Nyamizi aliifungua Utulivu, akaipa mizinga yote. Donge la nta lilikuwa juu ya mfuniko, gumu, halina habari. Bi Siwema alifukua mchanga, akaweka juu ya sahani kikaango alichopewa na wapika pilau, akamimina mafuta, akapasua yai. Walingoja kidogo. Mafuta yakaanza kulia chwaa, yai likageuka jeupe, na harufu ikawafikia hadi waliokaa nyuma.

"Zima."

Nyamizi alizima. Mafuta yakanyamaza.

"Washa."

Yakalia tena. Hapakuwa na mtu uwanjani asiyeelewa. Nyamizi alihisi aibu inampanda kutoka miguuni, na kama ilivyo desturi, aibu ya mbele ya mtani hutafutiwa utani.

"Sasa nyie Wazaramo mmepewa moto wa bure," alisema, "si mngepashia ngoma zenu? Mnalalamika nini?"

"Ngoma zimekwisha kukauka, zimepasuka! Kwani wewe hutulii? Ona aibu, mbeba mizigo wewe! Babu zako walipita kwetu wamejitwisha kila mtu mzigo wake, wakaomba maji tu. Wewe leo umekaa kivulini, mzigo umemtwisha mtani!"

Hapo ndipo Bwana Lionel alipofanya kosa. Aliona wanawake wawili wanatukanana mbele za watu, akaona na watu wanashangilia, akadhani amepata upande. Akasimama kati yao, akamwekea Nyamizi mkono begani.

"Dada, usiumizwe na matusi ya mama huyu," alisema kwa Kiswahili chake safi. "Sasa unaelewa kwa nini kampuni iliweka sahani kule. Hatukuzipeleka kwa ndugu zenu. Tumezipeleka kwa watu ambao, naona, hata nyinyi wenyewe mnawadharau. Wakiungua wao, nyinyi mnapoteza nini?"

Kicheko kilikatika. Hata waliokuwa wanapakua pilau waliacha miiko kwenye sufuria.

Mzee Sizya aliinuka polepole. "Kijana, unajua huyu ni nani?"

"Ni... ni adui yenu?"

"Huyu ni mtani wetu. Nikifa mimi leo, huyu atakuja kwenye msiba wangu anacheka. Atalizuia jeneza langu lisitoke mpaka apewe chake. Atawasema wanangu mpaka waache kulia. Kisha atapika na kulisha waombolezaji wote. Adui! Mtu anayetukanwa hivi, kijana, ndiye wa ndani kabisa. Na umetuambia kwa mdomo wako kwamba mlijua anaungua."

Bwana Lionel akauondoa mkono wake begani mwa Nyamizi.

4

Kosa lilijulikana ni la nani, lakini kuamua kulibaki kwa Nyamizi. Mzee Sizya alimvuta pembeni, uso wake umezeeka ghafla.

"Mwanangu, sijui nikwambie nini. Tukiirudisha mashine hii, nyuki wanakwisha. Mizinga ya mama yako, yangu, ya watu wote hawa. Wiki ijayo, miyombo itachanua bila nyuki."

"Na tukiichukua, kichanga cha Kisarawe kinalala uani."

"Najua. Ndiyo maana sijui nikwambie nini."

Nyamizi alimtazama Bi Siwema, ambaye alikuwa ameketi kwenye ngazi ya baraza akila yai lake kwa utulivu. Angeweza kusema ataitumia asubuhi tu. Angeweza kusema atafanya kazi kidogo kidogo, kichanga kipumzike. Lakini mdidimio haungoji, na kidogo kidogo ni joto lile lile kwa mtoto yule yule. Alikasirika na nafsi yake kwamba siku tatu nzima alilijua swali akakataa kulirudia.

"Mtani," alimwita. "Unataka nifanye nini?"

"Mie sikuja kuua nyuki wako," Bi Siwema alijibu, mdomo umejaa. "Asali nakula. Nimekwambia tu, mzigo huu wa nani?"

Upepo uligeuka, ukauleta moshi wa kuni uwanjani. Watu wakafumba macho na kukohoa. Mama mmoja akapiga kelele kuelekea nyuma ya ofisi kwamba wayeyusha nta watawaua watu siku moja kwa moshi wao, na misitu yote wataimaliza kwenye sufuria lile.

Nyamizi hakufumba macho. Alisimama katikati ya moshi ule, machozi yanamtoka, anatazama chumba cha nta. Kule ndani sufuria la maji lilitakiwa kuchemka kutwa nzima, kila siku ya msimu, masega yayeyuke, na kwa ajili yake walikata miti ile ile ambayo nyuki wanaitegemea.

"Bwana Lionel," alisema. "Hii sahani ni mali ya nani?"

"Ya kampuni, bila shaka."

"Uongo!" Bi Siwema alitupa kikaango. "Mlinipa zawadi. Mlisema mbele ya mjumbe wa mtaa na majirani wakasikia: zawadi, mama, yako kabisa, na likitokea la kutokea nyumbani kwako sisi hatumo. Mlisema au hamkusema?"

Bwana Lionel alitazama viatu vyake. Wakubwa zake walikuwa wametafuta njia ya kujivua lawama, na njia hiyo sasa iliwafungia mlango.

"Tulisema," alikiri.

Basi Nyamizi alivua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja kikunjo juu ya kikunjo, akachota ile sahani kutoka mchangani na kuinyanyua juu ikiwa bado ya moto.

"Mtani, nimekunyang'anya!" alipaza sauti. "Hii ni yangu, na huikomboi!"

Vigelegele vilipasua uwanja. Bi Siwema aliruka kutoka kwenye ngazi, akajifanya kumkimbiza, kisha akageuka akalikumbatia dumu kubwa kuliko yote barazani. "Na hili nimelinyang'anya mie! Nani atanigusa?"

"Dada, hufahamu," Bwana Lionel alisema, jasho likimtiririka. "Sahani hiyo ikikaa hapa, joto lote litabaki kwenu wenyewe!"

"Ndilo ninalolitaka. Mzigo wangu nitaubeba mwenyewe."

Aliongoza njia mpaka chumba cha nta, watu nyuma yake kama harusi. Waliondoa kuni, wakaiweka sahani chini ya sufuria kubwa la maji. Kisha Nyamizi akarudi barazani na kuipa Utulivu kazi zote za kambi zote, kwa nguvu yake yote, bila kuionea huruma. Walisimama pale wanatazama maji. Yalitoa mapovu madogo, yakatoa makubwa, kisha yakachemka, na bonge la masega likalainika na kuzama, nta ya manjano ikaelea juu. Hapakuwa na moshi. Mama aliyekuwa akilalamika alianza kucheza pale pale alipo.

Nyamizi alimrudia Bwana Lionel. "Nitaweka kidole. Lakini andika hivi: kila kompyuta ije na pacha wake mkononi, tumwone kwa macho. Isiyokuja na pacha, haishuki kwenye gari."

"Lazima niwaulize wakubwa."

"Waulize. Waambie na vyama vingine vya ushirika vinasubiri kusikia tumechagua nini."

Alipiga simu kando ya ukuta, muda mrefu, akipunga mkono hewani. Aliporudi aliandika maneno yale mwenyewe kwenye kioo, na Nyamizi akayasoma yote kabla ya kuweka kidole gumba.

"Na sahani zilizobaki kwenye kuta za majirani zangu?" aliuliza Bi Siwema, dumu lake mapajani. "Ziko za watu wa maofisini, sijui wa wapi na wapi. Kijana, utaniambia kila moja inawashwa na nani. Mtaimbo ninao, na treni naijua."

Na akaambiwa, nyumba kwa nyumba.

5

Miyombo ilichanua, msitu mzima ukawa mwekundu kwa majani machanga. Nyamizi aliketi kando ya mzinga wa mama yake, ule uliohamwa, ambao sasa ulikuwa umeingiwa na kundi jipya. Utulivu ilikuwa juu ya kigoda, baridi, kimya, na nyuki wawili wanajisafisha juu ya mfuniko. Masikioni mwake kundi lote lilikuwa linavuma, kuanzia sauti za juu kabisa mpaka kule chini ambako mdidimio hujificha. Alisikiliza chini kwa makini. Hakukuwa na mdidimio.

Alirusha ngumi hewani bila kupiga kelele, kwa sababu ya nyuki.

Simu ikatetemeka mfukoni. Ilikuwa sauti ya mkuu wa chumba cha nta: "Nyamizi, pumzika basi! Sufuria limefurika, nta imefika mlangoni!" Akacheka peke yake, akaipunguzia kompyuta kazi. Simu ikatetemeka tena. Huu sasa ulikuwa ujumbe wa maandishi kutoka Kisarawe.

"Nyumba imepoa. Mtoto amelala ndani tangu asubuhi. Ila mtani, siku hizi sijui kabisa kama umekula."

Nyamizi aliusoma mara mbili. Akafuta macho kwa mkono wa lile vazi la kujikinga, kisha akaandika: "Nimekula. Nimelala pia, mchana, kama bibi wa Kizaramo. Mbusu mtoto, na nirudishie dumu langu."

Jibu lilikuja kabla hajairudisha simu mfukoni.

"Njoo ulibebe."